Mashine Ni Yako, Akaunti Ni ya Nani?

Wadogo zangu, leo tukae tuzungumzie kompyuta ya nyumbani, ile ambayo asubuhi baba anaitumia kwa hesabu za duka, mchana mama anaandikia barua za kikoba, na jioni watoto wanaigombania. Ujumbe mwingi unaonifikia siku hizi unazunguka jambo moja, ingawa kila mmoja analieleza kivyake. Kuna anayesema mashine imewaka na kioo cha bluu, inamdai namba ya tarakimu 48 ambayo hajawahi kuiona maishani. Kuna aliyeifuta simu yake kwa vitufe vya pembeni ili ianze upya, sasa inamtaka aingize Gmail ya kijana aliyemuuzia, na kijana mwenyewe hapatikani. Kuna mwenye biashara ambaye nywila ya barua pepe yake ya kazi anaijua fundi tu.

Wote watatu wamevilipia vifaa vyao kwa jasho lao. Ila akaunti kuu iliyomo ndani si yao, na mwenye akaunti kuu ndiye mwenye kifaa.

Niwaeleze jinsi inavyokuwa, maana ukielewa hutadanganywa. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski yote kwa siri, ili mwizi akiiba mashine asiweze kusoma kilichomo hata akiichomoa diski na kuichomeka kwingine. Ni kinga nzuri sana. Lakini ufunguo wa dharura wa kinga hiyo, ndizo hizo tarakimu 48, hupelekwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa mashine mara ya kwanza. Dukani umeambiwa, "Dada, usijali, nakuwekea kila kitu," kijana akaingiza barua pepe yake ili mambo yaende haraka. Ukaondoka na mashine, ufunguo ukabaki kwake. Inaweza kupita miaka bila tatizo. Siku ubao wa ndani ukibadilishwa, au programu ya kuwashia mashine ikisasishwa, kompyuta inashtuka na kudai tarakimu zake. Ukiwapigia Microsoft hawana la kukusaidia, kwa sababu wao hawawezi kuutengeneza ufunguo huo upya. Picha za harusi, hesabu za duka, utafiti wa chuo, vyote viko palepale mbele yako na huvifikii.

Simu za Android nazo zina kinga ya namna hiyo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015. Mtu akiifuta simu kwa kubonyeza vitufe bila kuondoa kwanza akaunti ya Google, simu ikiwaka itadai akaunti ileile iliyokuwamo. Kinga hii iliwekwa kumkomoa mwizi, lakini ukikubali kuwekewa Gmail ya dukani, inakukomoa wewe.

Simsemi fundi kwa ubaya. Mafundi wetu wanafanya kazi kubwa na wengi ni waaminifu. Lakini fundi wa vitasa akimaliza kazi hukukabidhi funguo zote mkononi ndipo umlipe, na fundi wa kompyuta naye adaiwe hivyohivyo.

Kwa hiyo fungua mashine yako, ingia kwenye mipangilio, upande wa akaunti, usome jina na barua pepe iliyoandikwa pale. Ukikuta si yako, usiifute papo hapo. Kwanza tengeneza akaunti mpya kwa barua pepe yako mwenyewe, uipe hadhi ya msimamizi. Hamisha mafaili yako. Ingia kwa akaunti mpya, hakikisha kila kitu kipo na kinafunguka. Halafu ndipo uiondoe ile ya zamani. Baada ya hapo nenda kwenye ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti yako, utazame kama tarakimu 48 za mashine yako zimeorodheshwa. Usipoziona na mashine imefungwa kwa siri, rudi kwenye mipangilio ya usalama wa diski uzihifadhi upya kwa jina lako.

Zikishapatikana, ziandike kwenye daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, kwa kalamu. Najua mmefundishwa kwamba nywila haiandikwi popote, na kwa ofisini ni kweli, huwezi kubandika nywila kwenye kioo wakati watu wanapita. Nyumbani mambo ni tofauti. Anayekuwinda kupitia intaneti yuko mbali na hawezi kufungua kabati la chumbani kwako. Daftari likae pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, na mtu mmoja unayemwamini ajue lilipo. Nimeona familia zikihangaika baada ya msiba kwa sababu marehemu ndiye peke yake aliyejua nywila za kila kitu, kuanzia barua pepe hadi picha za wazazi.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapo ndipo maswali yenu ni mengi. Kosa ninaloliona nyumba baada ya nyumba ni familia nzima kuingia kwa akaunti moja, tena yenye hadhi ya msimamizi. Mtoto anatafuta mchezo wa mpira, anabonyeza kitufe kikubwa cha kijani, programu asiyoijua inaingia bila kizuizi kwa sababu mashine inadhani mwenye nyumba ndiye aliyeamuru. Tengeneza akaunti ya kila mmoja. Watoto wawe watumiaji wa kawaida. Na wewe pia, mdogo wangu, tumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, ile ya msimamizi ibaki kwa siku ya kusakinisha kitu. Hapo programu yoyote ikitaka kujiingiza itaomba nywila, na wewe ndiye utakayeamua. Kazi hii haina gharama na haihitaji bando. Ukiniuliza jambo gani moja linalopunguza usumbufu nyumbani kuliko yote, nitakutajia hili.

Kuna pia ule ujumbe unaojitokeza pembeni mwa kioo ukisema kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa haraka. Mara nyingi hakuna kirusi chochote. Mtoto alitembelea tovuti fulani, ikamuuliza kama inaweza kumtumia taarifa, akakubali. Fungua mipangilio ya kivinjari chako, tafuta sehemu ya ruhusa za taarifa, uzifute tovuti zote usizozijua. Kelele itakoma.

Niende sasa kwenye jambo ambalo linawagharimu wengi fedha, yaani kununua kompyuta iliyotumika. Mimi nawaunga mkono mnaonunua zilizotumika. EliteBook au ThinkPad iliyofanya kazi ofisini Ulaya kwa miaka michache mara nyingi ni imara kuliko mashine mpya ya bei ya chini. Lakini ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa mlioko Nairobi, nenda ukijua kwamba Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye Windows hiyo inaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi tena kama zamani. Microsoft ilitoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu wa majumbani hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake kwenye akaunti ya Microsoft. Mnaona? Hata hapo mlango ni akaunti. Aliyewekewa akaunti ya mtu mwingine hana pa kuingilia.

Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Inataka RAM ya angalau GB 4, nafasi ya GB 64, kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi unakisoma mwenyewe bila kumuuliza muuzaji. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, utaona jina la prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hicho ni kizazi cha 6. Ikiandikwa i5-8350U, ni cha 8. EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, ambazo zimejaa madukani, ni za kizazi cha 6. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 nyingi ni za kizazi cha 8, lakini usitegemee jina lililoandikwa kwenye bodi, soma namba. Muuzaji atakwambia, "Hii nayo nimeiwekea Windows 11, inapiga kazi freshi." Inawezekana kabisa ameilazimisha ikaingia. Tatizo ni kwamba Microsoft haiihakikishii mashine ya namna hiyo masasisho, na siku yakikatika hutakuwa na wa kumlaumu.

Ukiwa hapohapo dukani, pima betri. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, mashine itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilikuwa na uwezo gani ilipotoka kiwandani na sasa inashika kiasi gani. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya katika mazungumzo yenu. Angalia pia kama ndani kuna SSD au diski ya zamani ya kuzunguka. Mashine ya i5 yenye diski ya kuzunguka itakuchosha kuliko i3 yenye SSD. Na kwa mlio na kompyuta iliyochoka nyumbani, kabla hamjaitupa, iwekeeni SSD na muongeze RAM, mtashangaa.

Je, anayemiliki mashine ya kizazi cha 6 na inamtosha afanyeje? Nasema bila kusita, aweke Linux Mint. Ni bure, inasasishwa, inahitaji RAM ya GB 4 ili ikae vizuri, na sura yake haimchanganyi mtu aliyezoea Windows. Unaweza kuijaribu ukiwa umeiweka kwenye flashi bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Kama unategemea programu fulani ya uhasibu inayokaa kwenye Windows tu, hapo haitakufaa. Lakini kwa mwanafunzi, kwa mwandishi, kwa mzee anayesoma habari na kuzungumza na wajukuu kwa video, inatosha na inabaki.

Hili la programu za bure limenigusa siku nyingi. Watu wanadhani ni vitu vya wazungu wa mbali. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mrithi wa OpenOffice ni LibreOffice, na hadi leo unaweza kuipakua bila malipo, ukaandika barua, ukapiga hesabu za kikoba, ukafungua mafaili ya Word uliyotumiwa. Kwa nini basi tunaendelea kuwekewa Office ya wizi?

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnivumilie. Ukimpelekea fundi mashine akupigie window, mara nyingi anakuwekea na kile kiprogramu cha kuifanya Windows na Office zionekane zimelipiwa. Ili kiprogramu hicho kiingie, huwa inabidi aizime Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, au aiambie isikague folda fulani. Akimaliza anaweza kuiacha hivyohivyo. Unarudi nyumbani na mashine ambayo mlinzi wake amefungwa macho, halafu unaingia benki humo, unahifadhi nywila zako kwenye kivinjari humo. Wapo waliotengeneza viprogramu hivyo kwa ajili ya kuiba nywila hizohizo. Umelipa ili uibiwe.

Na kinachouma ni kwamba mara nyingi haikuwa lazima. Mashine za ofisini zilizotoka kiwandani na Windows 10 Pro hubeba leseni yao ndani ya ubao wenyewe. Ukiweka upya toleo lilelile kutoka tovuti ya Microsoft, ikipata intaneti inajitambua na kujithibitisha yenyewe. Windows 11 nayo huikubali leseni hiyo. Na hata kama leseni haipo, Windows isiyolipiwa bado inafanya kazi na kupokea masasisho. Itaandika maneno pembeni mwa kioo na kukuzuia kubadilisha picha ya nyuma, basi. Ni afadhali mara mia kukaa na maandishi hayo kuliko kuwa na mashine safi machoni yenye mwizi ndani. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mwambie waziwazi kabla hajashika kazi: Windows kutoka kwa wenyewe, LibreOffice, Defender ibaki imewashwa, akaunti ni yangu, na nitaingiza nywila mwenyewe. Fundi mzuri atakuheshimu.

Najua mtasema, "Dada, masasisho yanakula bando." Ni kweli yanakula, na wengi huyazima kabisa kwa sababu hiyo. Msiyazime. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua Wi-Fi ya simu yako, uiwekee alama kwamba ni mtandao wa kupimwa. Windows itaacha kupakua mizigo mikubwa ukiwa kwenye mtandao huo. Masasisho ya kawaida ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo panga siku moja baada ya hapo, ukiwa ofisini, chuoni au kwa jirani mwenye mtandao wa mwezi, uyashushe yote. Mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, virusi vilivyofunga mafaili ya hospitali za Uingereza na za watu katika nchi nyingi duniani? Tundu vililoingilia lilikuwa limeshazibwa na sasisho la Machi mwaka uleule. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimelipata, pamoja na wenye Windows za zamani zisizohudumiwa tena.

Kitu kingine kinachomaliza bando kimyakimya ni OneDrive, ambayo inaweza kuanza kupandisha picha na nyaraka zako zote mtandaoni bila wewe kujua. Nafasi yake ya bure ni GB 5 tu, ikijaa inaanza kukusumbua kwa matangazo. Amua mwenyewe folda zipi zipande, nyingine uzizuie. Na programu zinazojiwasha zenyewe kila unapoiwasha mashine, uziondoe kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kisha kwenda kwenye orodha ya zinazoanza.

Kuhusu nakala za akiba nitakuwa mfupi kwa sababu mnajua, ila hamfanyi. Kitu kilicho mahali pamoja tu, hesabu kwamba kitapotea. Nunua diski ya nje, nakili mafaili yako muhimu kila mwisho wa mwezi, halafu ichomoe. Ikiachwa imechomekwa, radi itakayopita kwenye umeme au virusi vitakavyofunga mafaili vitaondoka nayo pia. Vile vichache visivyo na mbadala, kama vyeti vilivyopigwa picha na utafiti unaoendelea, viweke pia kwenye Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure pamoja na Gmail yako. Na akaunti hiyo uiwekee uthibitisho wa hatua mbili leo, usingoje.

Na wewe ambaye flashi yako imegeuka vifupisho vitupu, usiifomati na usibonyeze hata kimoja. Mafaili yako mara nyingi yapo, yamefichwa tu. Ikague flashi kwa Defender kwanza. Ikishakuwa safi, fungua dirisha la amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, nayo yatajitokeza. Na siku utakapoamua kuiuza mashine yako au kumpa mdogo wako, usifute mafaili kwa mkono ukaridhika. Ondoa akaunti zako, halafu tumia sehemu ya kuirudisha mashine upya na uchague kusafisha diski yote. Inachukua muda mrefu, iache usiku kucha ikiwa kwenye chaja.

Naomba msomaji wangu ufanye jambo moja kabla hujalala leo. Shika simu yako, kisha kompyuta, utazame barua pepe iliyoandikwa kwenye akaunti kuu ya kila kimoja. Ikiwa ni yako na nywila unaikumbuka, lala salama. Ikiwa ni ya mtu mwingine, mtafute kesho asubuhi wakati bado anapokea simu zako.